Alfatiha ya Cak Mendol

Rukmi aliingia mtaa wetu wa Kedungsawo na mtoto mgongoni, begi moja begani, na mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Akapanga chumba kinachopakana na changu, ukuta mmoja tu katikati, mtu akikohoa huku anaambiwa pole kutoka kule. Nilimuuliza mkono umepatwa na nini. Akasema ameteleza bafuni. Nikamwambia, "Ehee, na hilo bafu lina ndevu?" Akanitazama, akacheka huku machozi yanamlengalenga, na tangu siku hiyo tukawa ndugu.

Mimi ni Parni. Uchochoro mzima unaniita Yu Parni, yaani dada mkubwa, hata wale walionizidi umri na wanajua wazi wamenizidi. Nauza kahawa na wali wa mboga kwa mchuzi wa karanga mlangoni kwangu. Mdomo ninao, sikatai. Lakini siri ya mtu ikiingia kwangu imeingia kaburini, na siri ya Rukmi niliibeba miaka sita bila kuitema.

Siri yenyewe ni mumewe, Hartoyo, mtu wa Tuban, mji wa mbali na kwetu. Yeye ndiye hilo bafu. Siku Rukmi alipomwambia amechoka, anataka kuondoka, mume hakupiga kelele. Rukmi anasema angepiga kelele ingekuwa nafuu. Aliuzungusha mkono wake taratibu mpaka ukalia, kisha akamwambia kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa: "Wewe nenda tu, nitakuacha. Mtoto ni wangu. Nitamfuata popote, nitamchukua, na hutamwona tena mpaka unakufa." Rukmi alishakwenda polisi, akaambiwa mambo ya chumbani yamalizwe chumbani. Basi akatoroka na Wening, kitoto cha miaka mitatu, na kilichomtia hofu tangu hapo hakikuwa kipigo. Kilikuwa kumpoteza yule mtoto.

Na hofu ile ilikuwa na mazoea yake. Rukmi hakukaa akaupa mlango mgongo. Hakupigwa picha harusini; mpiga picha akisogea, yeye anakumbuka ameacha maji jikoni. Pikipiki ikipunguza mwendo mlangoni, mkono wake unaganda na pasi hewani, mpaka ipite. Kazi yake ndiyo hiyo, kuwapigia watu pasi. Kuanzia asubuhi amesimama kwenye meza yake, mashati ya uchochoro mzima yamemzunguka, yeye na mvuke wake, peke yake. Mtu ukimwona hivyo miaka na miaka, unamwonea huruma.

Ndiyo maana nilifurahi alipompata Cak Mendol.

Cak ni kaka, kama mimi nilivyo Yu. Huyo ni mchekeshaji, zamani alikuwa jukwaani na vikundi vya michezo ya vijijini, kijitu kifupi chenye tumbo la kuazima. Majukwaa yalipokufa akahamia kwenye simu. Kila siku baada ya swala ya alasiri anaingia mubashara, yeye na mwimbaji wake Ning Atik, na watu wasiojuana kutoka kila pembe ya Java Mashariki wanauliza maswali. Lolote. Wao wanajibu, na jibu likiwa baya watu wanawazomea kwa maandishi. Kisha yeye naye anageuka anawauliza watu. Rukmi alikuwa anaiegemeza simu kwenye chupa ya maji ya kunyunyizia nguo, anapiga pasi, anasikiliza, anacheka peke yake mpaka nagonga ukuta nauliza kulikoni.

Baadaye akaanza kuuliza mwenyewe. Alijipa jina la Pera Bichi. Swali lake la kwanza kusomwa nalikumbuka: "Cak, mchekeshaji akifa, wafiwa walie au wacheke?" Cak Mendol akajikuna tumbo la kuazima, akasema, "Mbak Pera, dada yangu, wewe ni mtu hatari. Umenifanya nifikirie wosia." Watu wakampenda. Ikawa siku asipouliza wanamtafuta: Mbak Pera yuko wapi, leo maswali hayana chumvi. Mwenzangu, yule mwanamke aliyekuwa akiogopa hata kivuli cha paka akawa ana watu elfu tatu wanaomsubiri, na hakuna hata mmoja anayeijua sura yake. Uso wake ulianza kujaa. Akanunua hata mafuta ya midomo.

Mimi nilimwambia, "Andika, lakini usiseme. Sauti ni sura."

Akasema, "Najua, Yu."

Na alijua. Miezi mingapi walimbembeleza aingie kwa sauti, akakataa. Lakini binadamu ni binadamu. Siku moja Ning Atik alisema, "Mbak Pera, tunaanza kudhani wewe ni dume lenye sharubu," watu wakaangua vicheko, na Rukmi naye akacheka, na katika kucheka kule akabonyeza.

Nilimsikia ukutani. "Assalamu alaikum Cak, sharubu nimenyoa leo asubuhi."

Ah, sitaki kusema uongo, nilicheka na mimi. Sauti yake ilikuwa nzuri, tulivu, ina kitu kama mkwaruzo kwa mbali. Wakataniana. Cak Mendol akamuuliza kama ameolewa, akajibu ameolewa na pasi, moto lakini haina mkono. Basi wakati ule ule, spika ya msikiti ikakohoa.

Kwetu spika ikikohoa nje ya wakati wa swala, kila mtu anasimama alipo. Unajua kuna mtu ametutoka. Na spika ya Kedungsawo iko juu ya mapaa yetu, ikisema, imesemea ndani ya nyumba yako. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Amefariki mzee wetu Sarpan bin Karso, mkazi wa Kedungsawo, uchochoro wa nne, nyuma ya kiwanda cha tofu." Ikarudia mara tatu, kama ilivyo desturi, ili asikose mtu.

Hakukosa mtu. Watu elfu tatu waliisikia pamoja nasi.

Sasa hapo mtu mwenye akili angezima simu. Lakini Cak Mendol ni mtu wa kwetu, kalelewa, msiba ukitajwa mbele yake hawezi kuupita kama gari bovu barabarani. Akavua kofia. "Poleni, Mbak. Ni jirani?" Rukmi akasema ni jirani. "Basi ndugu zangu wote mnaonisikia, tusimame kidogo, tumpelekee mzee wetu Alfatiha. Mzee Sarpan bin Karso wa Kedungsawo. Kedungsawo ya wapi hiyo, Mbak? Tusije tukaipeleka kama barua isiyo na anwani."

Na Rukmi akajibu. "Malang, Cak."

Usimlaumu. Mzee amefariki hata hajapoa, watu elfu tatu wanataka kumwombea, wewe utasema sitaji? Nani kwetu anaweza kumnyima maiti Alfatiha? Ulimi ulitangulia, hofu ikaja nyuma. Cak Mendol akarudia yote kwa sauti yake ya jukwaani, jina, baba wa marehemu, mtaa, uchochoro, mji, halafu wakasoma. Elfu tatu! Nilisikia mpaka nywele zikanisimama, nikasema Mungu amjaalie yule mchekeshaji, kumbe ana moyo. Mjinga mimi.

Nilikuwa nafunika mboga zangu nikamsaidie mfiwa, ndipo niliponusa nguo inaungua.

Nilimkuta Rukmi amekaa chini, pasi imesimama kifuani mwa shati la mtu, moshi unapanda. Nikaiondoa. "Wewe, unataka kutuchoma?" Akaninyooshea simu. Kwenye maandishi ya watu, katikati ya amina na pole na mikono ya dua, kulikuwa na mstari mmoja: "Sauti hii naijua. Rukmi, Wening yuko darasa la ngapi sasa?"

Nikakaa chini pale pale karibu naye.

"Ni yeye," akasema. "Yu, ni yeye. Ametaja jina la mtoto."

"Mwandikie Cak Mendol afute kipindi cha leo."

"Nimeshaandika. Anaandikiwa na watu elfu, ataniona saa ngapi?" "Naondoka. Namchukua Wening tunaondoka sasa hivi."

"Uende wapi? Stendi? Umsubiri ashuke kwenye basi umpokee begi?"

Nami nilikuwa naogopa, msinione nafoka. Mimi nikiogopa ndipo nafoka. Nikamwambia hapa una watu, huko njiani huna hata mmoja. Kesho msibani jikoni kutakuwa na wanawake thelathini na visu, ingia katikati yao, usitoke. Wening atakaa chumbani kwangu, mlango umefungwa. Akauliza kama tumwambie Pak Giman, mjumbe wetu wa mtaa. Nikasema thubutu. Pak Giman akisikia mke na mume wamegombana anatafuta suluhu kama kuku anavyotafuta punje, na suluhu yake siku zote ni mke arudi.

Mzee Sarpan alizikwa jioni ile ile. Hitima ikawekwa kesho yake baada ya alasiri, maana imamu wetu usiku anasomesha mtaa mwingine. Kulipokucha tukaanza kazi, kumenya, kusaga, kukuna nazi. Rukmi alikaa kwenye kona ya ndani kabisa, akimenya vitunguu kikapu baada ya kikapu, na kwa mara ya kwanza alikuwa na sababu ya kuwa na macho mekundu. Kila mwanamke aliyeingia alimfanya ashtuke. Mchana ukapita. Hakuna pikipiki, hakuna mgeni. Nikaanza kujiambia labda alikuwa anatisha tu.

Basi muda mfupi kabla ya hitima, Pak Giman akaja mlango wa jikoni, uso umemchanua kwenye msiba wa mtu.

"Yu Parni! Chai ya mgeni, haraka, na uchague glasi nzima. Mtu ametoka Tuban! Tuban, unasikia? Alisikia Alfatiha ya Cak Mendol, moyo ukamgusa, kapanda gari alfajiri kuja kumwombea mtu asiyemjua. Na ana adabu! Kaja kwangu kwanza kuripoti, kitambulisho mkononi, kama sheria inavyotaka. Vijana wetu wajifunze."

Kisu cha Rukmi kilianguka. Wanawake wakasema, "Astaghfiru, kidole?" Nikasema ndiyo, kidole, nikamkalia mbele nimfiche.

Unaona ubaya wa jambo lile? Msibani humuulizi mtu wewe nani. Aliyekuja kuomboleza ni mgeni wa marehemu, anapewa mkeka, anapewa chai, anaondoka na chakula chake. Cak Mendol kwa wema wake hakumpa Hartoyo anwani tu. Alimpa na mlango wa kuingilia, na sisi tukamfungulia.

Nilichukua chai, glasi zinaimba kwenye sinia. Nikapenya pazia. Baraza limejaa wanaume kwenye mikeka, na yeye wamemweka mbele kabisa, karibu na mjane, bibi yetu Mbah Tun. Sikuhitaji kuonyeshwa. Mtu msafi, shati la batiki limenyooka, kofia nyeusi, anawabusu wazee mikono. Sura nzuri, nakwambia. Ningekuwa sijui, ningemwongezea sukari. Pajani ameweka simu, inanong'ona, na niliposogea nikamtambua anayenong'ona: Cak Mendol, ndiyo kwanza anafungua kipindi. Alikuwa amekaa pale kwenye hitima ya mtu, anamsubiri Mbak Pera aseme, ili asikie sauti inatokea nyumba gani.

"Mbah," alikuwa anamuuliza mzee wa pembeni yake, kwa upole kabisa, "mtaa huu kuna dada anayepiga pasi?"

Mzee akasema, "Pasi? Wapo wengi, Mas, ndugu yangu. Una nguo?"

Nikageuka kuweka chai. Nikakuta mtu ameshanitangulia. Mwalimu wa madrasa alikuwa ameleta wasichana wake wahudumie wageni, kama kawaida msibani, watano, ushungi mweupe wote, na wa tatu katika mstari, ameinama na sinia, alikuwa Wening.

Wallahi nilitaka kupiga ukelele, nikaumeza. Mtoto nimemfungia ndani! Kumbe mwalimu kapita, kamwita dirishani, naye ametoka kwa mlango wa uani, maana ameitwa na mwalimu. Akapiga magoti mbele ya Hartoyo. Akamwekea glasi. Akasema, "Karibu chai, Pak." Hartoyo akaipokea bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Wening akasogea kwa mwingine.

Nilirudi jikoni sijui kwa miguu ya nani. Rukmi alikuwa ameshasimama nyuma ya pazia, ameona yote kwa upenyo.

"Nitamvuta mtoto," nikamnong'oneza. "Nitasema anaitwa na mwalimu."

"Ukimwita kwa jina atageuka baba yake," akasema. "Jina analijua."

Ni kweli. Tukasimama pale, pazia liko puani petu. Wening alimaliza mstari, akaanza kurudi tena na maandazi ya mchele. Atafika kwake mara ya pili. Imamu hajafika. Na kwenye simu ya Rukmi, iliyokuwa mfukoni mwake imezimwa sauti, jina la Pera Bichi lilikuwa linapita na kupita: Mbak Pera yuko wapi, msiba vipi, mwiteni.

Akaitoa. Nikamshika mkono. "Rukmi, usiwe mwendawazimu. Hicho ndicho anachokisubiri."

Akasema, "Miaka sita, Yu. Nimechoka kuogopa kimyakimya." Uso wake ulikuwa hauna damu kabisa. Akabonyeza.

"Mbak Pera!" ikasema simu ya Hartoyo kule barazani. "Tulikuwa tunakuulizia! Mmeshamsitiri mzee wetu?"

"Tumemsitiri, Cak. Ahsante." Na sauti yake ikatoka sehemu mbili, huku nyuma ya pazia na kule kwenye mkeka, pajani mwa mgeni. Watu wote wakageuka. Wengine wakamtazama mgeni, wengine wakatazama pazia. Hartoyo akainua kichwa polepole, akatabasamu. Tabasamu lile silisahau.

"Cak, leo nina swali, lakini si lako," Rukmi akasema. Nilikuwa nimemshika kiuno asianguke. "Hapa barazani kwa marehemu kuna mtu ametoka Tuban. Anaitwa Hartoyo. Ndiye aliyenivunja mkono huu. Hakuja kumwombea mzee Sarpan. Amekuja kumchukua mwanangu."

Ning Atik kule kwenye simu akasema, "Ya Allah." Cak Mendol hakutania.

Hartoyo aliweka simu chini, akafunga mikono kwa adabu. "Wazee wangu, naomba radhi, tena mbele ya mfiwa. Ni ugomvi wa ndani tu. Mke wangu ana maradhi ya kichwa, maskini, alimtorosha mtoto. Mimi sina neno naye. Namtaka mwanangu tu. Damu yangu. Nani kati yenu hapa si baba?"

Na nikaona vichwa vinaanza kuinama kukubali! Wale wale ninaowapa kahawa kila siku! Pak Giman akakohoa kikohozi chake cha suluhu. "Kwa kweli, baba ni baba. Labda tukae, Mbak Rukmi atoke, tuzungumze kama watu wazima..."

"Kaa wewe na bibi yako!" nikapayuka. Hakuna aliyenisikiliza.

Rukmi akalifungua pazia. Akatoka mbele ya wanaume wote, simu mkononi, nywele nje ya ushungi, ananuka vitunguu. Akasimama hatua chache kutoka kwa Hartoyo, na nilijua alivyokuwa anaogopa kwa sababu kanga yake ilikuwa inacheza yenyewe.

"Sawa, Mas," akamwambia. "Damu yako. Swali langu ni moja, na watu elfu tatu wanasikia jibu. Wening yuko hapa barazani, mbele yako. Yupi?"

Nikasema moyoni, Rukmi umekwisha, umemkabidhi mwenyewe. Maana wasichana walikuwa watano tu. Mtu akibahatisha anapata. Wakasimama na masinia yao, wameduwaa, ushungi mweupe watano, na Wening ndiye aliyekuwa karibu naye kuliko wote, na sahani ya maandazi mkononi. Sikuweza kumtazama. Niliogopa macho yangu yatamwonyesha. Nikatazama kofia ya Pak Giman, nikaitazama hiyo tu.

Hartoyo akawapitisha macho. Tabasamu likaanza kumlegea. Akarudi kwa wa kwanza. Akaenda kwa wa mwisho. Mbah Tun, mjane, ambaye tangu kuzikwa mumewe hakuwa ametamka neno, akasema, "Jibu, mwanangu. Umeulizwa."

Akanyoosha kidole. "Huyu. Siwezi kumsahau, kachukua macho ya mama yangu."

Alikuwa amemnyooshea Sekar, mjukuu wa Pak Giman.

Sekar akaruka nyuma ya babu yake. "Babu, mimi si wake!" Na Pak Giman, yule mtu wa suluhu, alisimama akawa mrefu sijapata kumwona. "Huyu nimemkata kitovu mimi," akasema. "Toka. Toka nyumbani kwa marehemu." Wanaume wakainuka wote, mikeka ikakunjamana. Hartoyo alitafuta viatu vyake kwenye rundo mlangoni, muda mrefu, hakuna aliyemsaidia. Alipovipata akamgeukia Rukmi. "Sasa napajua," akasema, kwa sauti ile ile ya kumbembeleza mgonjwa. Wakamsindikiza mpaka barabara kubwa, wakasimama mpaka basi likaondoka naye.

Rukmi alikaa pale pale chini. Wanawake wakamzunguka, huyu maji, huyu mafuta ya kunusa. Hakushangilia mtu. Hofu haikuwa imeondoka na basi. Kesho anaweza kurudi na karatasi za mahakama, na sote tulilijua hilo. Ila safari hii atapaswa kupita kwa Pak Giman, na Pak Giman sasa ana hasira zake binafsi. Imamu akafika, akakuta baraza limechafuka, akauliza kuna nini, akaambiwa aanze tu kusoma.

Mimi nikamtafuta Wening. Alikuwa amesimama alipokuwa amesimama, sahani ya maandazi bado mkononi, na katika purukushani ile yote hakuna aliyekumbuka kumpokea. Nikaichukua. Nikamwambia twende jikoni, mama yako anakutaka. Hakusogea. Alikuwa anatazama glasi ya chai kwenye mkeka, imenywewa nusu.

"Yu Parni," akaniuliza, "yule kweli ni baba?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi nilimjua alipoanza kusema. Nilisimama karibu ili anione." Mdomo ukaanza kumcheza. "Nimebadilika sana?"

Mdomo huu mnaousikia, siku ile haukuwa na kitu. Nikamvuta kwangu, nikamfunga vizuri ushungi wake uliokuwa umefungwa vizuri tayari. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, umekua.